Mstari Mweupe Kwenye Kibano

Jumamosi Kozue Momose hakuhitaji kuamshwa. Siku za shule mama yake alimwita mpaka sauti ikamkauka, lakini Jumamosi alishuka ngazi mwenyewe, supu yake ya miso, ya maharage ya soya, ikiwa bado moto mkononi, akaingia gereji iliyokuwa chini ya nyumba yao. Hapo alimkuta kaka Nghia ameshawasha jiko la mafuta, ameweka birika juu yake, na anafagia theluji iliyopenya chini ya mlango.

Kozue alikuwa darasa la sita. Baba yake, fundi Momose, alikuwa fundi pekee katika mji wa Nirasawa, mji mdogo uliobanwa kati ya milima miwili kama kitabu kwenye rafu. Nghia alikuwa kijana wa Kivietnamu aliyeletwa na chama cha wanagenzi kujifunza ufundi, na chumba chake kilikuwa juu ya stoo ya matairi. Alikuwa na mikono mipana na maneno machache. Neno alilolitumia kuliko yote lilikuwa "samahani". Alilisema akigongana na mtu mlangoni, alilisema hata akigongwa yeye, na wakati mwingine alilisema hata kabla swali halijaisha. Watu wa Nirasawa walimsifu kwa adabu hiyo. Hakuna aliyejiuliza ni wapi na kwa namna gani mtu hufundishwa kuomba radhi kabla ya kukosa.

Gereji ya Momose ilikuwa na desturi zake mbili. Ya kwanza ilikuwa mstari mweupe. Skrubu ikishakazwa, fundi alichukua kalamu ya rangi nyeupe akachora mstari mfupi kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye chuma kilicho jirani. Mstari ukiwa umenyooka, skrubu haijasogea. Ukikatika vipande viwili visivyokutana, mtu ajue skrubu imezunguka. Ya pili ilikuwa kuita. Kabla gari halijatoka, mmoja alitaja kitu, mwenzake akakinyooshea kidole na kuitikia kwa sauti: "Kimekazwa, sawa." Madereva wa treni za nchi ile hufanya hivyohivyo, na fundi Momose alisema kama inawafaa wao waliobeba mamia ya watu, basi inamfaa na yeye.

Katika kazi zote, Kozue alipenda kalamu ile. Alipenda namna rangi ilivyoteleza juu ya chuma cheusi, na namna baba alivyoupita mstari wake bila kuukagua, kama anavyopita mtu kwenye daraja analoliamini.

Jumamosi hiyo ndani ya gereji kulikuwa na gari la Bi Iizuka. Lilikuwa gari dogo la mizigo, lenye injini ndogo inayosaidiwa na turbo. Bi Iizuka alipika vyakula na kuvipeleka kwa wazee wa vitongoji vya juu, ambako duka la mwisho lilishafungwa na basi lilishaacha kwenda. Bila turbo, gari lile lisingeweza kuupanda mlima na mzigo wa sufuria. Bomba la mpira linalopeleka hewa kutoka kwenye turbo lilikuwa limezeeka na kupasuka, na Nghia alikuwa analibadilisha.

Bomba jipya lilishikwa na vibano viwili, yaani mikanda ya chuma inayobanwa kwa skrubu, kimoja juu na kimoja chini. Cha juu Nghia alikikaza mwenyewe. Cha chini kilijificha nyuma ya vyuma, mahali ambapo mkono wake mpana haukupita. Nghia akasema mkono wa Kozue utapita, akampa bisibisi fupi.

Kozue akaingiza mkono. Kwa kuwa kalamu ilikuwa tayari kwenye vidole vyake, alianza na mstari. Aliuchora vizuri, mwembamba na ulionyooka. Kisha akaanza kuzungusha skrubu. Chuma kilikuwa cha baridi kiasi cha kuuma, bisibisi iliteleza mara kwa mara, na skrubu haikutaka hata kuanza kuzunguka. Ndipo rafiki yake Fuyumi akatokea mlangoni, viatu vya kutelezea barafuni vikining'inia shingoni.

"We Kozue, unajificha na magrisi tu. Uwanja umeganda safi, jua likitoka umekwisha. Au umeshaolewa na hiyo gari?"

Kozue akacheka, akauchomoa mkono. Alijiambia atarudi kumalizia. Lakini Nghia, aliyekuwa upande wa pili akifuta mikono, alidhani ameshamaliza, akasimama wima mbele ya gari kama desturi ilivyotaka.

"Kibano cha juu?" akaita, akakinyooshea kidole yeye mwenyewe. "Kimekazwa, sawa." Kisha akamgeukia. "Kibano cha chini?"

Kozue akanyoosha kidole.

"Kimekazwa, sawa."

Mdomo ulisema kabla moyo haujaulizwa. Nghia aliinama na tochi, akauona mstari mweupe umenyooka, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Fundi Momose aliendesha gari mpaka mwisho wa barabara ya bondeni na kurudi, na kwenye tambarare lilikwenda vizuri. Wakati huo Kozue alikuwa barafuni, akizunguka na Fuyumi, na kibano kilikuwa kimemtoka kichwani kabisa.

Jumanne, alipotoka shule na mkoba mgongoni, alilikuta gari la Bi Iizuka limesimama tena mlangoni. Bi Iizuka mwenyewe alikuwa ameketi karibu na jiko, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, akimweleza fundi kilichompata. Kwenye tambarare, alisema, gari linakwenda kama msichana anayekwenda sherehe. Likifika mlimani linakaa chini kama ng'ombe. Tena linatoa sauti.

"Sauti gani?" akauliza fundi Momose.

"Fsss. Nikikanyaga mafuta, fsss. Kama mtu ananizomea." Bi Iizuka alinyoosha mikono kwenye moto. "Chakula kimefika kimepoa siku zote hizi. Mzee Morozumi kule juu kabisa nilimkuta amesimama nje kwenye theluji na fimbo yake, anadhani nimetumbukia korongoni. Ana miaka themanini na ushee, Momose. Mtu huyo hakutakiwa kusimama pale."

Kozue akaikumbuka Jumamosi. Aliuona mkono wake ukitoka nyuma ya vyuma, bisibisi ikiwa bado haijafanya kazi yake. Alitaka kusema. Lakini Bi Iizuka alikuwepo, na Nghia alikuwepo, na baba alikuwa ameshaanza kufunga kwenye gari geji ya presha, kipimo chenye sindano ya kuonyesha msukumo wa hewa. Akajiambia atasema baadaye, watakapokuwa wawili tu.

Walipokuwa wawili tu, hali ilikuwa mbaya zaidi. Baba alimpandisha kwenye gari ashike geji na kumsomea sindano, wakaanza kuupanda mlima. Fundi Momose alipokuwa anatafuta ugonjwa wa gari alizungumza peke yake, na siku hiyo alizungumza ili mtoto ajifunze. Turbo, alisema, ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka injini. Inavuta hewa na kuisukuma ndani, na injini ndogo ikishiba hewa inafanya kazi ya injini kubwa. Presha ikiwa ndogo, kuna mambo machache tu. Ama hewa haiingii, kwa sababu filta imeziba. Ama feni imechoka. Ama kile kilango kinachopunguza presha isizidi kimekwama wazi. Ama hewa inaingia, inasukumwa, halafu inavuja njiani.

"Soma," akasema, akikanyaga mafuta.

Sindano ilinyanyuka kidogo, ikatetemeka, ikalala. Mbele, chini ya boneti, sauti ikaanza. Fsss.

"Imefika wapi?"

"Haijafika hata nusu," Kozue akasema.

"Tena."

Kila baba alipokanyaga, gari lilizomea, na Kozue alijua linamzomea nani. Alisoma sindano mpaka wakafika kwenye kona ya pili, ambako gari lilikataa kabisa. Alikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Aliibeba mdomoni kama punje ya mchele iliyonasa kwenye jino, na akashuka nayo mpaka gereji.

Baba akaanza kukagua, akianza na kilicho karibu na rahisi. Filta ilikuwa safi. Akaigusa feni ya turbo kwa kidole, ikazunguka laini, haichezi wala haigusi ukuta. Kilango cha presha alikijaribu kwa pampu ya mkono, kikafunguka na kufunga kama inavyotakiwa. Akamulika bomba. Kibano cha juu kilikuwa na mstari mweupe ulionyooka. Cha chini kilikuwa na mstari mweupe ulionyooka. Akazima tochi.

Hakukishika. Kwa nini akishike? Mstari ulikuwepo.

Basi fundi mwenye akili zake timamu akaanza kuutafuta ugonjwa mahali usipokuwepo. Akasema labda turbo imepasuka ndani, mahali pasipoonekana. Labda kuna kitambaa kimesahauliwa ndani ya bomba jipya, kikanyonywa, kikaziharibu panga za feni upande wa pili. Na alipofikia neno "kimesahauliwa", macho yake yalihama kutoka kwenye gari yakamwendea mtu. Ndivyo ilivyo tangu zamani na ndivyo itakavyokuwa mpaka watu wakatae: chungu kikivunjika jikoni, anayetazamwa kwanza ni aliyekuja jana.

"Nghia. Hili bomba alilifunga nani?"

"Mimi, bosi."

"Peke yako?"

Nghia alimtazama Kozue, mara moja, kwa muda mfupi kama wa kupepesa. Hakuwa anamshtaki. Alikuwa anakumbuka tu kwamba naye alikuwepo. Kozue akainamisha uso akatazama ncha za viatu vyake.

"Kazi ilikuwa yangu, bosi," Nghia akasema. "Samahani."

"Samahani hainiambii umesahau nini humo ndani."

"Sikusahau kitu, bosi. Samahani."

Fundi Momose hakupiga kelele. Hakuwa mtu wa kelele. Alipiga simu kuagiza turbo nyingine, na muuza vipuri alipouliza kulikoni, alimwambia kwamba kijana wake amekosea. Kisha akapiga simu chama kilichomleta Nghia, akaomba mtu aje mwisho wa wiki wazungumze kama kijana huyu anafaa kuendelea au arudishwe. Alizungumza kwa upole mno, kama mtu anayepanga siku ya kung'olewa jino. Kozue alisikia kila neno kutoka ngazini. Mama alimwita ale, akasema hana njaa, akaambiwa pengine ana mafua.

Kesho yake shuleni, wakati wa kufagia darasa, Fuyumi alimsogelea na ufagio wake.

"Eti Mvietnamu wenu kaliua gari la Bi Iizuka? Bibi yangu kasikia dukani. Anasema anarudishwa kwao."

"Sijui," Kozue akasema.

"Hujui vipi, na anakaa kwenu?"

"Nimesema sijui, bwana. Fagia upande wako."

Aliendelea kufagia mahali palepale ambapo palishakuwa safi. Neno "sijui" lilikuwa dogo kuliko "kimekazwa, sawa", lakini lilimchoma zaidi. Lile la kwanza alilisema kwa haraka. Hili alilisema akijua.

Jioni akapata wazo. Mtu mwenye aibu hupata mawazo mengi, na karibu yote humpeleka mbali na mlango wa kutokea. Aliwaza hivi: kama kibano kitakazwa, gari litapona. Gari likipona, hakuna turbo ya kununua, hakuna mtu wa chama, hakuna wa kurudishwa. Na hakuna atakayehitaji kujua.

Asubuhi theluji ilikuwa imeanguka nyingi, na kama kawaida ya mtaa wao kila nyumba ilitoa mtu na koleo. Baba alitoka. Nghia alifungua gereji, akawasha jiko, kisha akatoka kusafisha mbele ya nyumba ya jirani ambaye mgongo wake haukuinama tena. Kozue akaingia kwa mlango wa ndani. Alilala juu ya injini, akaingiza mkono, akazungusha bisibisi mpaka vidole vikamfa ganzi na skrubu ikakataa kuendelea. Akavuta bomba kwa nguvu. Halikusogea. Alikwenda shule akikanyaga theluji kwa furaha, na mchana kutwa alikuwa mwepesi kama mtu aliyelipa deni.

Aliporudi, alitegemea kuwakuta wanacheka.

Boneti ilikuwa wazi. Baba alisimama upande mmoja na tochi, Nghia upande mwingine, na Bi Iizuka, aliyekuja kulitazama gari lake, alikuwa ameketi palepale karibu na jiko. Hakuna aliyekunywa chai. Kutokana na maneno ya baba, Kozue alielewa kilichotokea. Kabla ya kulifungua gari, fundi alilipandisha mlimani mara ya mwisho, na likapanda. Sindano ilifika mwisho wake, hakuna kuzomea. Gari halijiponyi lenyewe, kwa hiyo aliinama akamulika tena. Mstari mweupe wa kibano cha chini ulikuwa umekatika. Nusu yake ilikuwa kwenye skrubu, imezunguka upande mwingine kabisa, na nusu nyingine imebaki peke yake kwenye chuma.

"Mtu ameikaza hii," baba alikuwa anasema. "Tangu juzi mpaka leo. Na gereji asubuhi unafungua wewe."

"Sikuigusa, bosi."

"Nghia, ungeniambia umesahau kukaza, ningekasirika nikala chakula changu yakaisha. Kosa lina dawa. Lakini kuingia kwa siri, kurekebisha, halafu kunitazama usoni hivyo? Hilo siwezi kukaa nalo nyumba moja."

"Sikuigusa."

"Basi aliyeigusa nani? Paka?"

Nghia alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu aje Nirasawa neno la samahani halikutoka. Alivua glavu zake, akazikunja moja ndani ya nyingine, akaziweka juu ya meza ya vifaa. Kisha akaanza kupanda ngazi za kwenda chumbani kwake. Hakuna aliyemuuliza anakwenda kufanya nini. Begi lake lilijulikana lilipo.

Kozue aliziangalia glavu zile. Aliona sasa, waziwazi, kwamba alipokuwa na uongo mmoja, Nghia aliitwa mzembe. Alipouficha kwa siri, Nghia akaitwa mwongo. Kila alipojisafisha, uchafu ulimwagikia mtu mwingine.

"Baba," akasema. Sauti ilitoka ndogo, akaanza upya. "Baba, paka ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Baba alimwambia aseme yote, na asiseme haraka. Akasema: mstari uliotangulia kabla ya skrubu, Fuyumi mlangoni, kidole alichonyoosha. Akasema kwamba kwenye gari, wakati anasoma sindano, alijua. Hapo uso wa baba ulibadilika, na Kozue alitamani afokewe, kwa maana kufokewa kuna mwisho. Akasema habari za asubuhi na bisibisi. Alipomaliza, masikio yake yalikuwa yanawaka, na mkoba ulikuwa bado mgongoni.

Fundi Momose alikwenda chini ya ngazi akamwita Nghia kwa jina, mara mbili. Kijana aliposhuka, fundi alisimama mbele yake, akaweka mikono mapajani, akainama mpaka mgongo ukawa sawa na meza. Alikaa hivyo. Kozue hakuwahi kumwona baba yake akiinama hivyo kwa mtu yeyote, na alijua ni yeye aliyemwinamisha.

"Ile chupa ya maji ya sabuni ipo pale kwenye rafu," baba alisema akiwa bado ameinama. "Ningepuliza hewa ndani ya bomba, nikanyunyizia sabuni, povu lingenionyesha mahali panapovuja kabla birika halijachemka. Kazi ya dakika chache, naijua tangu ujana. Sikuinyanyua chupa. Nilikuwa nimeshampata mtu wa kumlaumu, na fundi akishampata mtu, huacha kutafuta tundu. Nisamehe."

Nghia hakujua aiweke wapi mikono yake. Mwishowe alisema kwamba naye aliuamini mstari, alitazama bila kushika, kwa hiyo kidogo ni lake pia. Fundi akakataa hilo, akaenda kupiga simu chama, na safari hii hakuzungumza kwa upole wa daktari wa meno.

Kozue alimsogelea Nghia, akaanza kuinama.

"Leo usiniombe," Nghia akamkatisha. Hakuwa mkali, lakini hakumtazama. "Leo nina hasira, mdogo wangu. Nitasema 'haidhuru' kwa mazoea tu, na itakuwa uongo. Niombe kesho."

Kesho yake alimwomba, na Nghia akasikiliza mpaka mwisho. Hakusema haidhuru. Alisema, "Nimesikia," akampa ufagio. Hapo Kozue alidhani yamekwisha, lakini Bi Iizuka alikuwa na mawazo mengine. Jumamosi alikuja na gari lake limejaa sufuria, akamwambia mama amfungashie mtoto boksi la maandazi ya maharage matamu, la kuombea radhi, kwa sababu chakula kilichopoa kina wenyewe na inabidi wenyewe waombwe.

Gari lilipanda kama mbuzi. Kozue alikaa na boksi mapajani, na katika kila nyumba alishuka, akainama, akasema kwamba yeye ndiye aliyeacha kibano bila kukaza, na kwamba si kosa la Nghia. Kilichosikitisha ni kwamba kila nyumba ilikuwa imeshasikia habari. Wengine walisema, "Kumbe," na kuchukua andazi wakitazama chini. Mama mmoja alisema hata hivyo wageni wale hawana umakini, na Kozue akalazimika kurudia kwamba asiyekuwa makini ni yeye.

"Wote wamesikia," akamwambia Bi Iizuka waliporudi garini. "Wamesikiaje, na barabara ilikuwa na theluji?"

Bi Iizuka alibadilisha gia kabla ya kujibu.

"Uongo hauhitaji turbo mwanangu. Unapanda mlima wenyewe. Ukweli ndio unaobebwa mlango kwa mlango, ndiyo maana nimekuleta." Akakata kona. "Mimi nililetwa bondeni hapa kwa treni kutoka kaskazini, nina miaka kumi na mitano, mimi na wenzangu, kufanya kazi kiwanda cha saa. Lafudhi yetu walikuwa wanaiigiza wanakufa kwa kucheka. Kila kilichopotea kiwandani kilitafutwa kwanza kwenye mfuko wangu. Siku moja vikapotea vioo vya saa, nikasimamishwa uani mbele ya watu wote. Msichana aliyevivunja alikuwa amesimama mstari wa mbele. Majina ya mabosi wale nimeyasahau, na yawe majivu. La msichana yule sijalisahau mpaka leo. Unajua kwa nini?"

Kozue akatikisa kichwa.

"Mabosi hawakujua ukweli. Yeye alijua, akanyamaza. Kuacha skrubu legelege ni utoto. Mtu anafundishwa, anakoma. Lakini anayejua ukweli akanyamaza wakati mnyonge anapigwa, ameshika fimbo pamoja na wapigaji. Usikubali kamwe kuwa mtu huyo. Haya, shuka. Hii ndiyo nyumba ya mwisho."

Mzee Morozumi alikuwa mlangoni na fimbo yake, masikio yamefichwa ndani ya kofia. Kozue aliinama, akasema maneno yake.

"Sikusikii," mzee akasema. "Unasema yule Mvietnamu kafanya nini?"

Kozue akasema tena, kwa sauti zaidi.

"Nani?"

Kwenye nyumba za jirani walizokwisha kuzipitia, madirisha yalianza kufunguka. Kozue aliona vichwa vikijitokeza kimoja kimoja. Alivuta pumzi, akainua uso, akapaza sauti mpaka bonde likairudisha.

"Nghia hakukosea kitu. Aliyekosea ni mimi, Kozue, mtoto wa Momose. Nikasema uongo, na nikanyamaza."

Mzee alipokea andazi, akaligeuza mkononi bila kulila.

"Hizo habari za kijana yule," akasema taratibu, "nyumba zote hizi nimezipigia simu mimi. Nilikuwa na baridi, nina njaa, nikapata wa kumtukana." Akamgeukia Bi Iizuka. "Wiki ijayo njoo naye. Nimwambie mwenyewe, uso kwa uso."

"Nitamuuliza kama anataka," Bi Iizuka akasema. "Si wewe unayepanga."

Mzee akakubali kwa kichwa. Kisha akapokea bakuli lake kwa mikono miwili, akafungua kifuniko, na mvuke ukampanda usoni.